Mipira Iliyopotea: Uchambuzi wa Msimu wa Kwanza wa Timu Moja ya Ligi ya Ova 20 ya India, 2008

Kisa hiki ni cha kweli. Jina la klabu, mji wake, wachezaji, viongozi na wapinzani wake wengi nimeyaondoa. Jina la ligi, tarehe na takwimu nimeviacha, kwa sababu somo lenyewe limo humo. Klabu nitaiita Timu, na wahusika wakuu nitawaita kwa vyeo vyao: Mmiliki, Mtendaji, Nahodha.

Nimeichagua Timu hii kwa sababu maelezo yaliyozoeleka kuhusu kushindwa kwake ni mepesi mno. Wengi husema ilinunua wazee wa kriketi ya siku tano ikawaingiza kwenye mchezo wa vijana, ikapata ilichostahili. Maelezo hayo yana ukweli kidogo, na ukweli huo kidogo umewazuia viongozi wa timu nyingine changa kuona kilichotokea hasa.

USULI

Kriketi ya ova 20 ilianzishwa Uingereza mwaka 2003. Kila upande hurushiwa ova 20, yaani mizunguko 20 ya mipira sita sita, jumla mipira 120, na mechi nzima huisha kwa saa tatu hivi. India iliuingia mchezo huu kwa kusitasita. Hadi Kombe la Dunia la kwanza la mfumo huo linaanza Afrika Kusini, Septemba 2007, timu ya taifa ya India ilikuwa imecheza mechi moja tu ya kimataifa ya ova 20. Wakongwe wake kadhaa walijiweka kando, kikosi cha vijana kikaenda na kurudi na kombe. Nchi nzima ikageuka.

Miezi michache baadaye Ligi Kuu ya India, IPL, ikawa tayari. Tarehe 24 Januari 2008 haki za kumiliki timu nane ziliuzwa kwa wawekezaji kwa jumla ya zaidi ya dola milioni 700 za Marekani. Timu yetu ilikuwa miongoni mwa zile zilizogharimu zaidi ya dola milioni 100. Iliyouzwa kwa bei ya chini kuliko zote, Rajasthan Royals, iligharimu dola milioni 67. Mnada wa wachezaji ulifanyika tarehe 20 Februari, na mpira wa kwanza wa ligi ukarushwa tarehe 18 Aprili. Yaani timu zilipewa muda usiofika miezi miwili kujijenga kutoka sifuri, kwa mchezo ambao karibu hakuna aliyekuwa na takwimu zake za maana.

Hilo la takwimu lisipitwe haraka. Mashindano ya ndani ya ova 20 kati ya majimbo ya India yalikuwa yameanza mwaka 2007 tu. Mtu aliyeketi mezani siku ya mnada alikuwa na rekodi nene za mechi za siku tano na za siku moja, na karatasi chache mno za ova 20. Alinunua kwa kutazama alichokuwa nacho.

MAAMUZI YA MNADANI

Kila timu ilikuwa na kikomo cha dola milioni 5 za kununulia wachezaji. Zaidi ya hapo palikuwa na kanuni ya nyota wa nyumbani: baadhi ya timu zilipewa mchezaji mkubwa wa eneo lao bila kumshindania mnadani, kwa sharti kwamba alipwe asilimia 15 juu ya mchezaji wa bei kubwa zaidi atakayenunuliwa na timu hiyo. Katika kikosi cha uwanjani, wageni hawakuruhusiwa kuzidi wanne.

Nyota wa nyumbani wa Timu ndiye aliyekuwa Nahodha, mmoja wa wapigaji waliotulia kuliko wote katika historia ya kriketi ya siku tano. Yeye na Mtendaji ndio waliopewa jukumu la kuchagua. Ununuzi wao mkubwa ulikuwa mchezaji wa kigeni anayepiga na kurusha, kwa dola 900,000. Kwa kanuni ya asilimia 15, bei hiyo ilimpandisha Nahodha mwenyewe hadi zaidi ya dola milioni moja. Wachezaji wawili tu wakawa wamechukua karibu milioni 2 kati ya 5. Sidhani kama kanuni hii ilipewa uzito unaostahili pale mezani. Kila dola waliyoongeza kwa mchezaji wa kwanza iliwagharimu dola mbili na zaidi.

Fedha iliyobaki ilikwenda kwa mrushaji mkongwe wa mipira ya kuzunguka, warushaji wa kasi wenye majina, mlinda wiketi mzoefu, mpigaji wa kufungua (anayeanza kupiga) aliyejulikana kwa mechi za siku tano, na mpigaji mmoja wa nguvu aliyenunuliwa kwa dola 500,000. Huyu wa mwisho alikuwa ameshajipatia sifa kwenye ova 20 za Uingereza. Namtaja makusudi, kwa kuwa uwepo wake unaonyesha kwamba wanunuzi hawakuwa vipofu kwa mchezo mpya. Walijaribu, na mtu wao wa ova 20 hakung'ara hata kidogo msimu ule.

Mwezi Machi, katika ugawaji wa vijana, Timu ilimchukua kijana aliyetoka kushinda Kombe la Dunia la chini ya miaka 19, kwa fedha ndogo sana.

Sababu ya uchaguzi wote huu inaeleweka. Nahodha aliamini kwamba mchezaji mwenye ufundi kamili atajifunza mfumo wowote, na kwamba kipaji kisicho na ufundi kitaanguka mbele ya warushaji wa kimataifa. Kwa ushahidi uliokuwepo Februari 2008, hiyo haikuwa imani ya kijinga.

SIKU TANO KABLA YA MSIMU

Kuna jambo ambalo wachambuzi wengi wa msimu huu huliruka. Kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Aprili, India na Afrika Kusini zilikuwa zikicheza mfululizo wa mechi za siku tano. Mfululizo huo ulimalizika tarehe 13 Aprili. Msingi wa kikosi cha Timu, wenyeji kwa wageni, ulikuwa ndani ya mfululizo huo.

Ina maana Nahodha, mchezaji ghali kuliko wote wa kununuliwa, mlinda wiketi na wengine kadhaa walikuwa kwenye mchezo wa kuacha mipira ipite, wa kulinda wiketi (kuepuka kutolewa) kwa saa nzima, siku tano kabla ya kutakiwa kupiga kila mpira. Timu nyingine nazo zilikuwa na watu wachache kwenye mfululizo ule, lakini hii ilikuwa na karibu uti wake wote wa mgongo. Timu haikupata kambi ya maana, na wachezaji waliotarajiwa kupiga pamoja hawakuwahi kukaa chini kukubaliana nani anafanya nini katika ova ya tatu na nani katika ova ya kumi na nane.

MSIMU ULIVYOKWENDA

Mechi ya kwanza ilikuwa maafa. Wapinzani walipiga mikimbio (alama) 222 kwa kupoteza wiketi 3, yaani wapigaji watatu tu walitolewa kati ya kumi wanaoweza kutolewa. Timu ilifungua na wapigaji wawili wa shule ya siku tano na ikatolewa yote kwa mikimbio 82, ikiwa na mipira 29 ambayo haikuitumia. Ni mchezaji mmoja tu aliyefikisha tarakimu mbili, naye ni mrushaji, aliyebaki na 18 bila kutolewa. Mikimbio ya ziada, ile inayotokana na makosa ya wapinzani, ilikuwa 19. Hakuna mpigaji wa Timu aliyeipita.

Siku mbili baadaye ilishinda ugenini kwa wiketi 5, yaani ilifikia idadi ya wapinzani ikiwa imebakiwa na wiketi 5. Ushindi huo haukumbukwi, na inasikitisha, kwa sababu ulionyesha kikosi kilekile kinaweza. Kisha zikaja mechi tatu za kushindwa mfululizo, ushindi mwembamba wa mikimbio 3, na kushindwa tena. Jozi ya kufungua ilikuwa ikibadilishwa mara kwa mara. Baadhi ya wageni waliwahi kuondoka kwenda kuzichezea nchi zao, wengine walikuwa majeruhi. Baada ya mechi saba, Timu ilikuwa imeshinda 2 na kupoteza 5.

Hapo ndipo Mmiliki alipoingilia. Wiki ya kwanza ya Mei Mtendaji aliondoka, na maelezo ya klabu kuhusu kuondoka kwake hayakulingana na yake mwenyewe. Mmiliki alizungumza na vyombo vya habari, akaeleza kwamba kikosi kilichaguliwa na Nahodha na Mtendaji, na kwamba alijutia kuwaachia kazi hiyo. Nahodha aliyasikia hayo akiwa na nusu ya msimu mbele yake na wachezaji walewale wa kuwaongoza. Mtendaji mpya akaletwa.

Mechi saba zilizobaki zilikwenda hivi: nne za kushindwa, mbili za ushindi, moja ya kushindwa. Yaani 2 kwa 5, sawasawa na nusu ya kwanza. Timu ilimaliza ya saba kati ya nane.

UCHAMBUZI: HESABU YA MIPIRA

Sasa tuingie kwenye kiini. Kati ya mechi 10 ilizopoteza, Timu ilishindwa tatu kwa tofauti ndogo: mikimbio 13, mikimbio 10, na mikimbio 5. Katika zote tatu ilikuwa ikifukuzia idadi iliyowekwa na wapinzani, na katika zote tatu mipira iliisha kabla ya wapigaji kuisha. Wiketi zilibaki mkononi.

Hili ndilo kosa la kimsingi ambalo mazoea ya mchezo mrefu huzaa, na halihusiani na umri wala uvivu. Katika mechi ya siku tano mipira ni mingi kuliko mtu anavyoweza kuihesabu, wiketi kumi ndizo adimu. Kila mpigaji hufundishwa tangu utotoni kuuza wiketi yake kwa bei ghali. Katika ova 20 mambo hugeuka. Ukigawa mipira 120 kwa wiketi 10, kila wiketi ina mipira 12 tu ya kuilinda. Mpigaji anayetumia mipira 30 kupata mikimbio 25 hajaisaidia timu hata kama hakutolewa, kwa kuwa amekalia mipira ya wenzake. Timu inayomaliza ova zake ikiwa na wiketi tano imefanana na mkulima aliyemaliza mvua za msimu huku mbegu zimejaa ghalani.

Wapigaji wa Timu walijua kupiga kwa nguvu. Walichokosa ni kujua lini wanaruhusiwa kutolewa. Ni uamuzi wa pamoja, unaotakiwa kufanywa kabla ya mechi: fulani akiingia katika ova ya kumi na mbili, akitolewa kwa kujaribu sita (kuupiga mpira moja kwa moja nje ya mpaka) hatalaumiwa na mtu. Bila ruhusa hiyo kutamkwa, mchezaji aliyelelewa kwenye siku tano atarudi kwenye alichokijua kila presha inapopanda. Sasa ongeza kiongozi anayelaumu kikosi hadharani. Nani atathubutu kupiga juu akijua akidakwa jina lake litakuwa gazetini?

Kwa upande huu naiona hatua ya Mei kuwa na madhara mawili. Haikubadilisha matokeo, takwimu za nusu mbili ni shahidi. Pia ilifanya lile hasa lililohitajika, yaani uthubutu wa kupoteza wiketi, liwe gumu zaidi.

NAHODHA ALILAUMIWA KWA HAKI?

Kwa uchaguzi wa mnadani, kwa sehemu ndiyo. Kikosi kilikosa wapigaji wa kati wa kumalizia mechi, na fedha nyingi zilikaa kwa wawili. Lakini tutazame uwanjani. Nahodha aliyeambiwa mchezo huu si wake ndiye aliyemaliza msimu akiwa kinara wa mikimbio wa Timu. Mchezaji wa dola 900,000 hakufikisha mikimbio 200 msimu mzima, na wengi wakahitimisha kwamba ova 20 zimemshinda. Mwaka 2010, kwa timu hiyohiyo, alipiga zaidi ya mikimbio 500 katika msimu mmoja. Mrushaji mkongwe ambaye 2008 alisumbuliwa na majeraha na hakutamba, mwaka 2009 alichukua wiketi 21, akiwa na umri wa miaka 38.

Kwa hiyo maelezo ya "timu ya siku tano" hayasimami. Watu walewale, waliozeeka mwaka mmoja au miwili zaidi, walifanya vizuri walipopata muda na nafasi zinazoeleweka.

MFANO WA PILI: RAJASTHAN ROYALS

Ili tusidhani kwamba kushindwa mechi ya kwanza ndiko kulikoivunja Timu, tuitazame Rajasthan. Siku moja baada ya Timu yetu kufedheheka, Rajasthan nayo ilishindwa vibaya, kwa wiketi 9. Ilikuwa imetumia fedha kidogo kuliko wote mnadani na haikupewa nafasi na yeyote.

Tofauti ni kilichofuata. Shane Warne alikuwa nahodha na kocha kwa wakati mmoja, kwa hiyo hapakuwa na mlolongo wa watu wa kulaumiana. Naye alikuwa mkongwe wa mechi za siku tano kama wakongwe wa Timu, tena ameshastaafu kriketi ya kimataifa. Aliwapa wachezaji wasiojulikana kazi mahususi na kuwaamini nazo. Rajasthan ilishinda mechi 11 kati ya 14 za hatua ya ligi na tarehe 1 Juni ikatwaa ubingwa.

Sisemi kila timu imtafute mtu mmoja wa kushika kila kitu. Warne ni nadra. Lakini Timu ilikuwa na Mmiliki, Mtendaji, Nahodha na benchi la ufundi, na msimu mzima haikuwa wazi neno la mwisho kuhusu kikosi cha kesho ni la nani. Kwa timu changa, hilo lina hatari kubwa kuliko udhaifu wa mpigaji yeyote.

KILICHOFANYA KAZI

Mawili tu, na yote hayakuonekana mwaka ule. La kwanza ni kijana wa miaka 19. Alicheza mechi 13 kati ya 14 ingawa mikimbio yake ilikuwa michache, chini ya 170 kwa msimu wote. Timu iliyokuwa ikihangaika hivyo ingeweza kumweka benchi na hakuna ambaye angeuliza. Ilimvumilia, na akawa nguzo yake kwa miaka mingi.

La pili ni kwamba, pamoja na hasira zote, klabu haikuvunja kikosi. Mwisho wa msimu sauti za kutaka waondolewe wakongwe zilikuwa kubwa. Waliobaki ni wengi kuliko walioondoka. Mrushaji mmoja wa kasi alibadilishwa na mpigaji wa haraka kutoka klabu nyingine, hatua iliyolenga pengo lililokuwa likionekana wazi, na kocha mpya akaajiriwa.

MSIMU WA PILI

Ligi ya 2009 ilihamishiwa Afrika Kusini kwa sababu ya uchaguzi mkuu wa India. Timu ilianza na nahodha mpya wa kigeni, aliyenunuliwa kwa bei ya juu kabisa ya mnada wa mwaka huo. Ilijulikana tangu awali kwamba angeondoka mapema kwenda kuichezea nchi yake. Aliongoza mechi sita na kushinda mbili. Alipoondoka, unahodha ukaenda kwa yule mrushaji mkongwe wa kuzungusha. Safari hii mabadiliko ya katikati ya msimu hayakuja na lawama, na mtu aliyeshika usukani aliwajua wenzake wote tangu mwaka uliotangulia. Timu ilimaliza hatua ya ligi na ushindi 8 kati ya 14, ikashinda nusu fainali.

Wapinzani wake kwenye fainali walikuwa Deccan Chargers. Mwaka 2008 hao ndio walioshika mkia, nafasi ya nane, chini kidogo tu ya Timu. Timu mbili za mwisho za msimu wa kwanza ndizo zilizokutana kwenye fainali ya msimu wa pili. Kwa yeyote anayetaka kufukuza watu baada ya jedwali la mwaka mmoja, sina takwimu nyingine ya kumwonyesha yenye nguvu kuliko hiyo.

Fainali ilichezwa Johannesburg tarehe 24 Mei 2009. Mrushaji mkongwe, sasa nahodha, alichukua wiketi 4 kwa kuruhusu mikimbio 16 tu katika ova zake nne, na Deccan wakazuiwa kwenye 143. Timu ilifukuzia mikimbio 144, ikapoteza kwa mikimbio 6. Ova 20 ziliisha ikiwa haijatolewa yote.